Wenye Miguu na Baiskeli Wapimiwe Kwanza

KUTOKA MWAMBAO
Na Gaudensia Ndunguru

Siku hizi ukikaa kijiweni Kihagara, maendeleo yanayozungumzwa ni ya vitu vizito: bandari inayojengwa Mbamba Bay, reli inayosubiriwa kutoka Mtwara, malori. Sina ugomvi na malori. Ila wengi wetu mwambao huu wa Ziwa Nyasa tunakwenda kwa miguu, na aliyejaliwa kidogo anasukuma baiskeli yenye gunia la muhogo. Mito inayotukwamisha ni midogo, mingine haimo hata kwenye ramani ya ukutani shuleni. Inashuka kwa kasi kutoka milima ya Umatengo, na masika yakishika, mvua ikinyesha kule juu usiku, asubuhi kijito cha kuruka kimekufika kiunoni.

Mtazame mwenye baiskeli akifika kwenye ulalo wa magogo. Anateremsha gunia. Anajitwika baiskeli begani na kuvuka upandeupande kama kaa, kisha anarudi kufuata gunia. Ng'ambo kuna mama mwenye beseni la dagaa, na kwa kuwa magogo hayapishani, mmoja lazima angoje. Mara nyingi anayengoja ni mama. Mtoto wa shule amevua viatu, amevitia kwenye begi pamoja na madaftari, anasubiri mtu mzima wa kumshika mkono. Mvua zikizidi, ulalo wenyewe unakwenda ziwani, na shule inakuwa likizo isiyotangazwa.

Daraja la Ruhuhu pale Lituhi, lenye urefu wa karibu mita 100, limetuondolea adha ya mitumbwi na pantoni, na mamba wa mto ule hawatajwi tena sana katika sala za wasafiri. Tunashukuru. Lakini limetuachia na fikra moja nisiyoipenda: kwamba daraja ni la gari, na lisilopitisha gari ni la kuombea radhi. Kijiji kikiomba kivuko cha watu na baiskeli, kinaambiwa kisubiri barabara ipandishwe hadhi. Barabara haipandi, na watoto wanaendelea kuvua viatu.

Daraja la waenda kwa miguu lina hesabu zake, wala si hesabu nyepesi. Watu waliobanana, tuseme siku ya mazishi jeneza linapovuka na kijiji kizima nyuma yake, wahandisi huwakadiria hadi kilo 500 kwa kila mita moja ya mraba. Tena watu hutembea, na mwendo wao ni nguvu. Juni 2000 jijini London walifungua Millennium Bridge, daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Thames. Siku ileile likaanza kuyumba ubavuni. Waliokuwa juu yake, kila walipohisi linayumba, walijikuta wanatanua miguu na kufuatisha mwendo wake, na kadiri walivyofuatisha ndivyo lilivyozidi. Likafungwa baada ya siku mbili, likaja kufunguliwa tena Februari 2002, limeshatiwa vifaa vya kuzuia mtikisiko. Hao ni watu wenye fedha na kompyuta. Sisi tunaodhani kivuko cha miguu ni kazi ya fundi seremala na Jumamosi moja ya msaragambo, tujitafakari.

Kubwa kuliko yote ni mahali. Kenya ilijenga daraja la kuelea la waenda kwa miguu pale Liwatoni, Mombasa, likaanza kutumika mwanzoni mwa 2021 ili kupunguza msongamano wa feri ya Likoni wakati wa korona. Liligharimu karibu shilingi bilioni 1.9 za Kenya, na sehemu yake ya katikati iliweza kufunguliwa kupisha meli. Ufundi ulikuwepo. Ila halikuwa pale watu walipozoea kuvukia, na aliyezoea feri ilimbidi azunguke kwenda kulitafuta. Mwaka 2024 likaondolewa. Mwenda kwa miguu hazungushwi kirahisi. Njia aliyoichonga kwa nyayo ndiyo aliyoipima, na mwenye ramani angeanza kwa kuifuata.

Upana nao usipimwe kwa mtu mmoja mwenye mikono mitupu. Baiskeli yenye magunia pembeni inakula karibu mita nzima, kwa hiyo mbili zikipishana zinataka zaidi ya mita mbili. Kingo ziwe ndefu, maana aliye juu ya baiskeli yuko juu kuliko anayetembea. Mwinuko wa kupandia uwe wa taratibu, asije mwenye mzigo akalazimika kuita wasukumaji. Na bodaboda? Atapita, hata ukiweka bango. Wengine husimika nguzo katikati ya lango kumzuia, matokeo yake wanamzuia mwenye kiti cha magurudumu. Afadhali uzito wa pikipiki uingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Wanaouliza faida wanijibu hili kwanza. Huko Nicaragua watafiti Wyatt Brooks na Kevin Donovan walifuatilia vijiji vilivyojengewa madaraja ya miguu kwenye mito inayofurika. Katika utafiti wao uliochapishwa 2020, faida ya mashamba ilipanda kwa karibu asilimia 75. Hakuna lori lililovuka pale. Mkulima alikuwa na uhakika tu kwamba soko litafikika, akathubutu kununua mbolea.

Vifaa visitutishe. Kigoma, wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, na shirika la Ubelgiji la Enabel wamejenga madaraja ya mawe ya upinde kwa gharama ndogo kuliko zege na nondo. Mawe tunayo, anayebisha aende Liuli akalitazame Jiwe la Pomonda. Penye mto mpana mawe hayatafaa, hapo itafutwe kamba ya chuma na mtu anayejua kuihesabu.

Nina ombi moja kwa wapimaji. Wakija, waje mwezi wa tatu, wakae siku nzima ya gulio kando ya maji, wahesabu nani anapita na amebeba nini. Wakija Agosti watakuta mchanga mkavu, watapima kijito, na watatujengea daraja la kijito.