Mwenye Kuhadaa na Mwenye Kuhadaika

Aghalabu ya wenye simu katika nchi yetu wamepata, japo mara moja, ujumbe ule mfupi usemao kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii. Na ingawa mwandishi wake hamjui ampelekeaye, wala hajui kama kuna hela yoyote iliyoahidiwa, hakosekani mtu ambaye asubuhi ile ile ameombwa karo na ndugu yake au kodi na mwenye nyumba, naye, kwa kuwa jambo hilo limo moyoni mwake tayari, huyasoma maneno yale machache kana kwamba yameandikwa kwa ajili yake, akatuma. Wengi wamelizwa kwa njia hiyo, na sijapata kumsikia hata mmoja akidai kwamba ujumbe ule una akili. Akili ilikuwa ya msomaji, aliyeyakuta maneno matupu akayajaza mambo yake mwenyewe.

Nimeutanguliza mfano huo kwa sababu ya jambo lililo kubwa zaidi: mashine iliyoandikiana na watu ikawahadaa hata wakaidhania mtu, je, imetoa ithibati ya akili? Tarehe 7 Juni 2014, siku ilipotimia miaka 60 tangu kufariki kwa mwanahisabati Alan Turing, katika jumba la Royal Society mjini London, programu iliyopewa jina la Eugene Goostman iliandikiana na waamuzi kwa dakika tano tano, na thuluthi moja yao wakaamini kwamba waliyezungumza naye ni binadamu; Chuo Kikuu cha Reading, kilichoandaa shindano lile, kikatangaza kwamba mashine imefuzu mtihani wa Turing, na magazeti mengi yakaieneza habari hiyo kwa shangwe. Lakini itazame hila yenyewe. Programu ile haikujidai kuwa mwanachuoni, wala hata mtu mzima, bali mvulana wa miaka 13 kutoka Odessa, nchini Ukraine, ambaye Kiingereza si lugha ya mama yake. Kwa udhuru huo kila jibu la ovyo lilikuwa limekwisha kusamehewa kabla halijaandikwa: asipojua jambo, ni mtoto, akikosea sarufi, ni mgeni, akiruka kutoka mada hata mada, ni utundu wa umri wake.

Sisi tuliolelewa pwani tunaujua vyema ustahi huo. Mgeni akija barazani akasema "kitu yangu imepotea", hapana mwenye adabu atakayemcheka. Tutamsahihishia kimoyomoyo, tutayaunga yaliyokatika, tutamjibu kama aliyesema sawasawa, na mazungumzo yatakwenda hata mgeni ajione amekwisha kuijua lugha, ilhali yamebebwa na wenyeji tangu mwanzo hadi mwisho. Ndivyo walivyofanya waamuzi wa London, nami siwalaumu, maana walitenda alitendalo kila mwungwana. Taksiri ni ya wale waliouchukua wema wa msikilizaji wakauandika katika hesabu ya msemaji.

Insafu yataka niseme kwamba Turing hakukusudia hayo. Katika makala yake ya mwaka 1950, iliyochapishwa katika jarida la Mind, aliona kwamba swali la kama mashine huweza kufikiri halishikiki, akaweka mahali pake mchezo ambamo muulizaji huwahoji kwa maandishi wawili asiowaona, mmoja binadamu na mwingine mashine. Akabashiri kwamba baada ya miaka 50 hivi muulizaji wa kawaida, baada ya dakika tano za kuuliza, hatapata nafasi ya zaidi ya asilimia 70 ya kuwatambua sawasawa. Na makisio hayo ya mahali ambapo ufundi utakuwa umefika, waandaaji wa 2014 wakayageuza kuwa mpaka wa kufuzu. Hata hivyo mbegu ya hadaa ilikuwamo tangu awali. Katika mfano alioutoa, mashine inaambiwa ijumlishe 34957 na 70764. Inakaa kimya kama nusu dakika, kisha inajibu 105621. Chukua kalamu ujumlishe mwenyewe, utapata 105721. Katika mchezo wa namna hii mashine ijumlishayo papo hapo na kwa usahihi itafichuka ianguke, na ile ichelewayo ikakosea ndiyo ifaulu. Na mtihani umwadhibuo mwanafunzi kwa kujua una kasoro katika msingi wake.

Mwaka 2025 Cameron Jones na Benjamin Bergen, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, walitoa habari za majaribio ambayo muulizaji aliandikiana kwa dakika tano na binadamu na mashine kwa pamoja. Programu ya GPT-4.5, ilipoagizwa ijifanye kijana mwenye haya ajuaye mambo ya mtandaoni, ilidhaniwa kuwa ndiye binadamu mara 73 katika 100. Ilipoondolewa agizo hilo la kuigiza, ikashuka hadi 36. Maarifa yake hayakupungua hata chembe. Ilivuliwa vazi tu. Na katika majaribio hayo hayo ELIZA, programu iliyotangazwa mwaka 1966, ilipata 23, ikaipita programu ya GPT-4o iliyopata 21. ELIZA, ambayo Joseph Weizenbaum aliitunga katika chuo cha MIT, haijui kitu: huchagua neno katika sentensi yako, hugeuza "mimi" kuwa "wewe", ikakurudishia swali, kama mpiga ramli aambiaye kila ajaye kwamba kuna mtu wa karibu anayemsumbua, na mteja mwenyewe akamtaja jina.

Mimi ningependa mashine ipimwe mahali ambapo udhuru haufai na adabu ya msikilizaji haiiokoi. Hector Levesque wa Chuo Kikuu cha Toronto alipendekeza maswali ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: debe halikuingia katika sanduku kwa sababu lilikuwa kubwa mno, kipi kilikuwa kikubwa? Badili neno moja, useme lilikuwa dogo mno, na jibu hugeuka. Na sarufi yetu, ambayo mara nyingi ingeifichua siri kwa ngeli zake, hapa haisaidii, kwa kuwa debe na sanduku ni ya ngeli moja, hivyo itakulazimu ujue mambo ya vyombo na nafasi. Mashine za leo hujibu mengi ya namna hiyo, na kama zina akili ya kusifiwa, na zisifiwe kwa swali lililo wazi na jibu liwezalo kusahihishwa, wala si kwa idadi ya watu walioduwaa mbele yake.

Nayaandika haya kwa hofu, nayo si hofu yangu peke yangu. Weizenbaum alisimulia kwamba katibu wake, aliyemwona kwa miezi akiitengeneza ELIZA na aliyejua fika kwamba ni programu tu, aliketi siku moja kuandikiana nayo, na baada ya maneno machache akamwomba yeye mtungaji atoke chumbani, awaache faragha.