Mutua yupi? Makundi ya watumiaji kwenye utafutaji wa hati za ofisi

Leo tuingie jikoni kidogo. Siku hizi kila ofisi inataka Google yake ya ndani: kisanduku kimoja, unaandika neno, hati zote za ofisi zinatoka. Kukiunda si kazi kubwa. Pakua Solr au OpenSearch, zote za bure, na kufikia Ijumaa unatafuta. Kazi inaanza unapoulizwa: nani aone nini?

Tuchukue serikali za kaunti za Kitui na Makueni, tuseme zimeamua kujenga kisanduku hicho. Zina hospitali, ardhi, zabuni, na wafanyakazi mpaka kwenye wadi, 40 Kitui na 30 Makueni. Sheria ya 2016 inampa raia haki ya kupata habari za serikali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Kisanduku chako kimekaa katikati ya hizo mbili.

Msimamo wangu: hati isibebe jina la mtu, ibebe kundi. Muuguzi wa Mwingi akihamishwa leo, na jina lake limepigwa muhuri kwenye hati elfu ishirini, itabidi uziandike upya zote kwenye faharasa (ile orodha ya maneno ambayo injini hupekua badala ya kufungua faili moja moja). Kama hati zinabeba kundi la wauguzi wa Mwingi, unamtoa kwenye kundi. Mstari mmoja, basi.

Wapo wanaosema tafuta kwanza, kisha uulize seva kuhusu kila hati kama mtu huyu anaruhusiwa. Ni sahihi zaidi, nakubali. Lakini jaribu neno "malipo", lenye matokeo maelfu, uone kama chai haitapoa. Afadhali makundi ya hati yakae ndani ya faharasa, na makundi ya mtumiaji yasomwe anapotafuta, kutoka Active Directory au LDAP yoyote mliyo nayo. Ukihifadhi jibu hilo, dakika kumi zinatosha, si wiki. Na fuata makundi yaliyo ndani ya makundi mpaka mwisho. Ukiishia ngazi ya kwanza, mkurugenzi wa afya atafungua kisanduku aone patupu, na simu ya kwanza itakuwa yako.

Sasa Mutua. Ofisi gani ya Ukambani haina akina Mutua watatu? Seva ya faili inamjua kama jmutua, barua pepe kama j.mutua, mfumo wa fedha unamjua kwa namba. Kuna programu zinazolinganisha majina kwa kukisia. Tafadhali, zima hicho kipengele! Likikosea, Mutua wa magari anasoma zabuni ambazo hazijafunguliwa. Unganisha akaunti kwa namba ya ajira, na ambaye hakuunganishwa asione kitu mpaka aunganishwe.

Kisha kuna Bwawa la Thwake, mpakani mwa kaunti hizi mbili, pale mto Thwake unapoingia Athi. Hati za fidia ya ardhi za mradi kama huo zina namba za mashamba na za vitambulisho, na maafisa wa pande zote mbili wanaweza kuzihitaji. Njia ya mkato ni kumwingiza afisa wa Makueni kwenye kundi la ardhi la Kitui. Umemfungulia kabati zima kwa sababu ya faili moja. Unda kundi la Thwake lenye watu wa pande zote, na liwe na mwenyewe wa kulipunguza watu wakihama.

Kundi lenyewe nalo lijulikane kwa namba, si kwa jina la wizara. Kitui ilipata gavana mpya 2017, na 2022 akarudi yule wa kwanza. Anayeingia anaweza kuunganisha wizara au kuzitenganisha, na hati zilizobandikwa jina la zamani zitabaki yatima.

La mwisho ndilo linaloniudhi zaidi, maana liko kwenye mifumo mingi: kuficha hati lakini kuonyesha kichwa chake, au idadi. Karani anaandika jina la jirani yake na neno "ukimwi". Kisanduku kinamjibu: matokeo 3, huna ruhusa ya kuyaona. Hakusoma hata ukurasa mmoja na ameshajua kila kitu. Kichujio cha makundi kifanye kazi kabla ya kuhesabu, kabla ya vichwa, kabla ya yale mapendekezo ya maneno unapoandika. Karani huyo aonyeshwe sifuri, ile ile ambayo angeonyeshwa kama hati hizo hazipo.