Wadi za Lamu Mashariki Zisimezwe na Hesabu

Ndugu zetu wa Faza, Kiunga na Basuba, hesabu inayotishia wadi zetu haihitaji mtaalamu. Kila mmoja anaweza kuipiga nyumbani kwake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini Kenya. Ukiwagawa kwa wadi 1,450 zilizowekwa na sheria, kila wadi inaangukia watu kama 32,800. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaruhusu wadi kuzidi au kupungua wastani huo kwa asilimia 40 katika majiji na katika sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Basi hata tukipewa nafuu yote iliyopo, wadi isiyofikisha watu 19,680 hivi imekosa sifa. Eneobunge zima la Lamu Mashariki, visiwa na bara yake, lilihesabiwa kuwa na watu 22,258. Wadi zetu tatu zikipimwa kwa kipimo hicho peke yake zitakuwa wadi moja, kuanzia Pate hadi mpaka wa Somalia, pamoja na msitu wa Boni. Wito huu ni wa kulipinga jambo hilo kabla halijachorwa kwenye ramani, na kulipinga kwa hoja na kwa pamoja.

Wako wanaosema kwamba tuliponea mara ya kwanza, kwa hiyo tutaponea tena. Kilichotuokoa mara ya kwanza kiliandikwa kwa matumizi ya mara moja tu. Jedwali la Sita la Katiba ya 2010 lilisema kwamba mapitio ya kwanza ya mipaka yasifute eneobunge lolote lililokuwepo. Ndiyo sababu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, ilipochapisha mipaka mipya Machi 2012, ililiacha eneobunge letu lisimame na ndani yake zikawemo wadi tatu. Kinga ile haimo katika mapitio ya pili. Mapitio hayo yalitakiwa yakamilike Machi 2024, miaka 12 baada ya yale ya kwanza, lakini Tume ilibaki bila makamishna tangu Januari 2023 hadi wapya walipoapishwa Julai 2025. Kuchelewa huko si msamaha. Katiba inasema mapitio yakikamilika ikiwa imebaki chini ya miezi 12 kufikia uchaguzi mkuu, mipaka mipya itasubiri uchaguzi unaofuata. Kwa hiyo hata Agosti 2027 tukipiga kura kwa mipaka ya sasa, kazi yenyewe itakuwa bado inatungoja.

Tuanze na kile hasa tutakachopoteza, maana wapo wanaodhani wadi ni kiti cha mtu mmoja na marupurupu yake. Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti zahanati na vituo vya afya, shule za chekechea, maji, barabara za mashinani, pamoja na vivuko na bandari ndogo. Kwa watu wa visiwani hayo ndiyo maisha yenyewe. Bajeti ya mambo hayo hupitishwa na bunge la kaunti, na anayesimama humo kuuliza kwa nini gati limebomoka au kwa nini jabia la kijiji halijakarabatiwa ni mwakilishi wadi. Mbunge wetu aliyeko Nairobi hana mamlaka juu ya zahanati ya Kiunga. Sasa mfikirie mwakilishi mmoja anayetakiwa asikilize Siyu, Kizingitini, Mkokoni, Ishakani na Mangai. Wakati wa kusi, bahari ya nje inapochafuka, safari ya chombo kutoka Faza kwenda Kiunga ni ya hatari na ni ya gharama. Njia ya Basuba ni ya msituni, na kwa miaka mingi imekuwa ya mabomu ya kutegwa na misafara ya askari. Atakayechaguliwa atakwenda kule ambako kura ni nyingi na safari ni fupi. Hilo halitokani na ubaya wa mtu. Yeyote angefanya hivyo, na vijiji vya mbali vingebaki kuonekana wakati wa kampeni tu.

Katiba yenyewe inalijua jambo hili. Kifungu kile kile cha 89 kinaiagiza Tume itazame jiografia, njia za mawasiliano, na mafungamano ya kihistoria, kiuchumi na kiutamaduni ya wakazi. Kasoro iko kwenye kikomo cha asilimia 40, ambacho kinakata mambo hayo yote yanapofikia mahali kama petu. Na hapa ndipo ilipo hoja yetu kubwa, ambayo tunaomba kila mkazi aishike vizuri: kwa wadi, wastani wa kitaifa ni kipimo kisicho mahali pake. Wabunge wa maeneobunge wanakaa pamoja katika Bunge moja na kura zao zinahesabiwa pamoja, kwa hiyo ni haki kuyalinganisha maeneobunge nchi nzima. Mwakilishi wadi hapigi kura popote nje ya bunge la kaunti yake. Mwakilishi wa Basuba hajawahi kuamua bajeti ya Nairobi wala ya Kiambu, wala hataiamua. Udogo wa wadi yake haumpunguzii mkazi wa Embakasi hata chembe ya sauti katika bunge la kaunti yake. Ikiwa lengo ni kura za raia ziwe na uzito sawa, basi uzito wa wadi upimwe kati ya wadi za kaunti moja, maana hizo ndizo zinazogombania meza moja.

Ni kweli kwamba Nairobi, yenye watu 4,397,073 na wadi 85, ina wastani wa zaidi ya watu 51,000 kwa wadi, na mkazi wa huko ana haki ya kulalamika kwamba mwakilishi wake amelemewa. Dawa ya lalamiko hilo ni kumwongezea wadi. Idadi ya 1,450 haimo katika Katiba. Imewekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti, na Katiba inaruhusu idadi ya wadi ipitiwe upya. Bunge likitaka kuipunguzia Nairobi mzigo linaweza kufanya hivyo bila kumnyang'anya mvuvi wa Kizingitini mwakilishi wake. Hoja ya kuokoa fedha nayo haisimami. Idadi ikibaki 1,450, kila wadi itakayofutwa Lamu itazaliwa kaunti nyingine, na mshahara utalipwa vilevile.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka kwa majirani zetu wa Lamu Magharibi, na hatuna haki ya kulikwepa. Kaunti nzima ilihesabiwa watu 143,920. Sisi wa Mashariki ni karibu asilimia 15 ya hao, lakini tuna wadi tatu kati ya kumi. Mtu wa Hindi au Mkunumbi akiuliza kwa nini, anauliza swali la haki. Tukipima ndani ya kaunti kama tunavyodai, wastani ni watu kama 14,400 kwa wadi, na kwa nafuu ya asilimia 40 tungepata wadi mbili bila ubishi. Ile ya tatu ingehitaji sababu ya ziada. Tukubali hivyo waziwazi, kwa kuwa madai yasiyokubali hesabu yake yenyewe hayatasikizwa na yeyote. Lakini majirani nao watazame mbele. Kwa kipimo cha kitaifa Lamu yote haiwezi kubaki na wadi zaidi ya saba, na Lamu Magharibi nayo ingepoteza moja kati ya saba zake. Bunge la kaunti lenye wajumbe saba wa kuchaguliwa, pamoja na wachache wa kuteuliwa, ndilo litakalomsimamia gavana, kukagua matumizi yake, na ikibidi kupitisha hoja ya kumwondoa kwa theluthi mbili ya wajumbe wote. Bunge la watu wachache hivyo ni rahisi kununuliwa au kutishwa, na hasara yake itafika Mpeketoni kama itakavyofika Faza. Wadi zetu tatu hazijawahi kutosha kupitisha chochote peke yake. Zinatosha tu kutufanya tusisahauliwe.

Sababu ya ziada tuliyoitaja ni Waboni, au Waaweer kama wanavyojiita wenyewe. Wadi ya Basuba ni miongoni mwa zenye wapiga kura wachache zaidi nchini, na ndiyo mahali pekee ambapo jamii hii inaweza kumchagua mtu wake kwa kura zake. Walikuwa wawindaji na wakusanyaji wa asali. Marufuku ya uwindaji ya 1977 iliwaondolea riziki bila kuwapa nyingine. Kisha ukaja ukosefu wa usalama, na operesheni ya Linda Boni iliyoanza 2015, na shule na zahanati za msituni zikafungwa kwa muda mrefu. Sensa ya 2019 ilifanyika katikati ya hali hiyo. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku ule, kwa hiyo aliyekimbia Mararani akalala kwa jamaa mjini alihesabiwa mjini. Kuitumia idadi iliyopatikana namna hiyo kuifuta wadi ya watu waliofukuzwa na vita ni kuwaadhibu kwa kukimbia.

Tunaambiwa Waboni wanaweza kupewa kiti cha kuteuliwa, kwa kuwa Katiba imetenga nafasi za makundi yaliyotengwa katika mabunge ya kaunti. Nafasi hizo ni nzuri na zibaki, ila hazitoshi. Mteuliwa hutoka kwenye orodha ya chama, na humwogopa yule aliyemteua. Wananchi hawawezi kumwondoa, na hana eneo ambalo ataulizwa habari za kisima chake. Kifungu cha 56 kinataka walio wachache washiriki na wawakilishwe katika utawala, na mahakama zetu zimeshaonyesha njia. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliikubali hoja ya Wailchamus wa Baringo kwamba wao ni jamii ya walio wachache yenye haki ya kuzingatiwa mipaka inapochorwa, hata kabla ya Katiba hii kuwepo.

Wala hatuombi jambo ambalo dunia haijaliona. Sheria ya Visiwa ya Scotland ya 2018 imeruhusu wadi za visiwa vyenye watu ziwe na madiwani wachache kuliko wadi za bara, ili kisiwa kidogo kisilazimike kuunganishwa na pwani ya ng'ambo. Mahakama ya Juu ya Kanada, katika uamuzi wa 1991 kuhusu mipaka ya Saskatchewan, ilisema kwamba haki ya kura inalenga uwakilishi unaofanya kazi, na kwamba jiografia na maslahi ya walio wachache yanaweza kuhalalisha tofauti ya idadi. Hapa jirani, Zanzibar yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022 ina majimbo 50. Hadhi ya Zanzibar katika Muungano si yetu, lakini inaonyesha kwamba sheria inaweza kutambua bahari.

Tunachopaswa kudai, basi, ni marekebisho ya kifungu cha 89 yenye sehemu mbili: wastani wa wadi upigwe ndani ya kila kaunti, na Tume iruhusiwe kuvuka kikomo kwa visiwa na kwa jamii za walio wachache. Hilo linahitaji theluthi mbili katika Bunge la Taifa na katika Seneti, na Lamu peke yake haina uwezo huo. Lakini hatuko peke yetu. Taita Taveta, yenye watu 340,671 na wadi 20, ina wastani wa watu kama 17,000 kwa wadi. Nayo iko chini ya kikomo. Viongozi wetu wakutane na wale wa Taita Taveta kwanza, kisha wazitafute kaunti nyingine zenye tatizo kama hili, na waende bungeni na mswada mmoja.

Wakati huohuo tuandae ushahidi wa kuwasilisha kwa Tume, ambayo Katiba inailazimisha kushauriana na wote wanaohusika. Sharti la kuwashirikisha wananchi si mapambo. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilikataa sehemu ya mpango wa BBI wa kurekebisha Katiba iliyotaka kuongeza maeneobunge 70, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa kuhusu sehemu hiyo. Lakini anayekuja kwenye kikao na kelele tu haachi kitu kwenye kumbukumbu. Kila kijiji kiandike: nauli ya chombo hadi makao ya wadi wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, saa za safari, zahanati iliyo karibu, siku ambazo bahari au barabara imefungwa, familia zilizohama na mahali zilipo. Wazee wa Basuba wapewe nafasi ya kusema wenyewe, wasisemewe na Faza. Na mtu yeyote wa Pate atakayeshawishiwa kwamba wadi moja itakuwa mali ya kisiwa chake akatae, kwa sababu wadi hiyo itampa mwakilishi mmoja mahali ambapo leo Mashariki ina watatu.

Mipaka ikishachapishwa katika gazeti rasmi la serikali, asiyeridhika ana siku 30 tu za kwenda Mahakama Kuu, na mahakama ina miezi mitatu ya kuamua. Mwaka 2012 yalifika mahakamani malalamiko zaidi ya 100 kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Siku 30 hazitoshi kuanza kutafuta wakili, kuchanga fedha na kukusanya viapo kutoka Ishakani hadi mahakama ya Milimani, Nairobi. Kwa hiyo baraza la kwanza lifanyike mwezi huu katika kila kijiji, na kila kijiji kichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wa kuingia katika kamati moja ya wadi zote tatu. Kamati hiyo ianze kwa kumtafuta wakili na kumkabidhi ushahidi wetu.