Zilipendwa na Nani?

Limezuka neno moja katika redio zetu na katika mazungumzo ya watu, nalo limeota mizizi hata hakuna tena alihojiye. Nyimbo za dansi zilizopigwa na bendi zetu tangu miaka ya sitini hadi ya themanini huitwa, zote kwa jumla, "zilipendwa". Namwomba mwalimu wa Kiswahili alichambue neno hilo ubaoni mbele ya wanafunzi wake. Kiambishi cha kwanza ni cha nyimbo zenyewe. Cha pili ni cha wakati uliopita. Mzizi ni wa kupenda. Na karibu na mwisho kipo kiambishi cha kutendwa. Mtenda hatajwi. Kwa hiyo tunatangaziwa kila juma kwamba nyimbo hizi ziliwahi kupendwa, na watu wasiojulikana, na kwamba mapenzi hayo yamekwisha. Na wakati huohuo mtangazaji anazipiga kwa sababu wasikilizaji wamempigia simu kuziomba!

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Hakuna aliyethubutu kuyaita mashairi yake "yaliyopendwa". Huyaita hazina, huyafundisha, huyatungia maswali ya mtihani. Miaka minne baada ya kifo chake, katika mji uleule, ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz Band. Nao walitunga kwa Kiswahili, nao waliyasema ya dunia na ya moyo, na waliowasikia ni wengi kuliko waliomsoma Shaaban Robert. Tofauti iliyopo ni kwamba utunzi wa mmoja ulikaa katika kitabu, kitabu kikakaa shuleni. Utunzi wa wengine ulikaa katika gitaa, gitaa likakaa baa. Sisi wasomi tukaona haya kukitafuta Kiswahili mahali panapouzwa pombe.

Nautetea hapa ukoo mmoja wa muziki, ambao mimi ni mpenzi wake tangu utotoni na sioni sababu ya kuuficha upenzi huo: ukoo wa Wanyika. Kutoka Tanga ndugu wa Kinyonga walikwenda Arusha mwaka 1970, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka 1971 wakavuka mpaka kuingia Kenya, na huko bendi yao ikajulikana kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya vijana wa bendi hiyo, miongoni mwao Omar Shabani wa gitaa la ridhimu na Tommy Malanga wa besi, walijitenga, wakaungana na John Ngereza na mwimbaji Issa Juma, wakaanzisha Les Wanyika. (Kineno hicho cha Kifaransa kilikuja na fasheni ya bendi za Kongo, nami sikipendi hata leo.) Halafu Issa Juma naye akatoka, akaunda Super Wanyika. Mgawanyiko juu ya mgawanyiko, kama ukoo wowote wa kweli.

Sisi wa Shume tuna sababu yetu ya kulisikiliza jina hilo kwa makini. Shambalai ni nchi ya mlima, ya mvua, ya migomba na baridi. Ukisimama ukingoni mwa Shume ukatazama chini, nchi unayoiona imelala katika jua hadi macho yanapochoka ni nyika. Wazee wetu waliihesabu nyika kuwa nchi ya njaa, ya homa na ya hatari. Mtu wa heshima alishuka huko kwa shughuli, akapanda haraka. Na pwani hali ilikuwa hiyohiyo: watu wa mijini waliwaita jirani zao wa bara "Wanyika" kwa dharau, hata wenyewe wakalikataa jina hilo wakachagua kuitwa Mijikenda. Vijana wa Tanga walijua vizuri uzito wa neno hilo. Walilichukua neno la dharau, wakaliwekea simba mbele yake, wakalifanya jina la kujivunia. Mwanafunzi anayetafuta mfano wa jinsi lugha inavyokombolewa na wanaoitumia, mfano mmoja ndio huu.

Wapinzani wa muziki huu wako wa aina mbili, na kila mmoja anastahili jibu lake.

Wa kwanza husema: hawa waliondoka, ni watu wa Nairobi, waachieni Wakenya. Ndugu msomaji, jiulize waliondoka kwa nini. Mwanamuziki wa Tanzania wa miaka ile alikuwa na njia chache. Akibahatika, aliajiriwa katika bendi ya chama au ya taasisi, kama NUTA, Polisi au Jeshi, akapata mshahara. Asipobahatika, Redio Tanzania Dar es Salaam ilimrekodi na kumpiga hewani, jina lake likaenea nchi nzima, mfuko wake ukabaki mtupu. Kiwanda cha santuri hatukuwa nacho, kilikuwa Nairobi. Aliyetaka kuishi kwa gitaa lake alilifuata soko lilipo, kama mkulima wa Shume anavyopeleka kabichi na viazi vyake Dar es Salaam bila ya mtu yeyote kumwambia kwamba amekuwa Mzaramo.

Na huko Kenya walifanya nini? Ndugu hawa wa jina la Kinyonga walibadili mji, wakabadili nchi, wakabadili jina la bendi, lugha hawakuibadili. Waliimba Kiswahili cha Tanga katika mji ambao Kiswahili chake kilikuwa kikidharauliwa na wakazi wenyewe. Mjaluo, Mkikuyu na Mkamba walijifunza kutoka kwao maneno ya kubembeleza, ya kulaumu na ya kuomba radhi. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Lori halikupita, ng'ombe hakupita, barua ilipita kwa taabu. Sina Makosa ya Les Wanyika ulitoka katika miaka hiyohiyo, ukavuka mpaka uliofungwa bila ya kuonyesha hati kwa askari yeyote, ukaimbwa Mombo na Lushoto kama unavyoimbwa Kisumu. Viongozi walikuwa hawasemezani. Wananchi walikuwa wakiimba wimbo mmoja.

Mpinzani wa pili ni mzito zaidi, maana humtanguliza Mwalimu Nyerere. Hukumbusha kwamba tarehe 10 Desemba 1962, alipoitangaza wizara ya utamaduni, Mwalimu alisikitika kwamba tumejifunza kucheza rumba na chachacha huku wengi wetu hatuijui gombesugu wala kiduo. Ni kweli alisema hivyo, na kwa mwaka ule alikuwa na haki. Lakini hotuba ya kuwaamsha watu haikukusudiwa kuwa sheria ya kufukuzia gitaa. Serikali na chama chenyewe viliunda bendi za dansi katika miaka iliyofuata, tena bendi bora. Na rumba ni ya nani? Midundo yake ilibebwa na watumwa kutoka Kongo na Angola hadi Kuba, ikarudi Afrika katika santuri, ikapokewa Léopoldville na Brazzaville kama mtoto aliyepotea. Ilipofika Tanga ilivikwa Kiswahili. Anayetaka kuikataa kwa sababu ilipita ugenini, na aanze kulikataa neno "shule" tulilolichukua kwa Wajerumani, na "meza" tuliyoipata kwa Wareno, aketi chini afundishe.

Hebu mwalimu auchukue Sina Makosa darasani. Ni usemi wa mtu mmoja anayeshutumiwa kwa jambo la mapenzi, akijitetea mbele ya mwenye hasira ambaye jibu lake hatulisikii. Tunalijua swali kwa kulisikia jibu tu. Mbinu hiyo tunaisifu tukiikuta katika tamthilia. Kisha asikilize ala. Ridhimu ya Omar Shabani hairudii tu mapigo, inazungumza. Besi inamjibu, inanyamaza panapotakiwa, na solo haiingii mpaka mazungumzo hayo yamekolea. Hakuna anayempigia mwenzake kelele. Nimehudhuria mikutano mingi ya kiserikali, sijaona utaratibu kama huo.

Sasa tuone hasara ya lile neno. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki katika maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Wilson na George Kinyonga walifariki katika miaka ya tisini. Kwa hesabu hiyo warithi wa mtunzi wa namna yao wana haki hadi miaka ya arobaini ya karne hii. Sheria inasema nyimbo zina wenyewe. Neno "zilipendwa" linasema hazina mtu, ziko kama embe la njiani. Ndiyo maana hupigwa hotelini na arusini, huigwa na kuuzwa upya, na jina la mtunzi halitajwi hata mara moja. Nawaambia pia wazee wenzangu wanaozitumia nyimbo hizi kama fimbo ya kuwachapia vijana wa muziki wa kizazi kipya: kijana hawezi kumheshimu mtu ambaye ninyi wenyewe hamjui jina lake.

Tena ipo mikanda. Miaka mingi ya kurekodi bendi zetu imelala katika maktaba ya redio ya taifa, ambayo leo ni Shirika la Utangazaji Tanzania. Mkanda wa sumaku hauzeeki kwa adabu kama kitabu: gundi yake huoza, unga unaoshika sauti hubanduka, na siku moja ukiuzungusha hausikii kitu. Kuihamisha sauti hiyo yote katika kompyuta ni kazi ya fedha na ya mafundi, na inastahili fungu lake katika bajeti kila mwaka mpaka mkanda wa mwisho uishe. Wakati huo mwalimu wa sekondari hana haja ya kungoja bajeti. Wazee waliocheza muziki huu wangali hai Tanga, Korogwe, Mombo na hapa Shume. Wanafunzi na waende na daftari, waandike nani alitunga, nani aliimba, nani alipiga gitaa gani, na mwaka gani. Waanze na Jamhuri Jazz.