Amri isiyoeleweka huzamisha chombo: Kiswahili kiandikwe migodini

Kolwezi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote ile. Mtu anaweza kuzaliwa hapa na kuzeeka hapa bila kuona jahazi likitweka tanga. Hata hivyo, lugha tunayosema sokoni, kanisani na shimoni ililetwa kwetu na watu wa vyombo na misafara. Katika karne ya 19 ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika kwa vyombo vya tanga, ikafika Bunkeya, ambako Mfalme Msiri alikuwa akiuza shaba, pembe za ndovu na watumwa. Baadaye, kuanzia 1906, Union Minière ilikusanya wafanyakazi wa makabila mengi katika kambi zake, na Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya kazi.

Tunaikumbusha historia hiyo kwa sababu ya hoja moja tunayoisikia mara kwa mara: kwamba Kiswahili ni lugha nzuri ya salamu na nyimbo, lakini hakina maneno ya kazi za ufundi. Kwa hiyo mikataba, mabango ya hatari na maelekezo ya mashine yabaki katika Kifaransa, Kiingereza au Kichina.

Anayesema hivyo hajawahi kumsikiliza nahodha wa Lamu au Zanzibar. Jahazi ni mtambo, na kila sehemu ya mtambo huo ina jina lake. Mti uliosimama ni mlingoti. Mti mrefu unaobeba tanga ni foromali. Kamba ya kuipandisha foromali ni jarari, nayo hupita kwenye roda. Mbele kabisa, kwenye omo, unatokeza mti mfupi uitwao dasturi. Kazi yake ni kuivuta mbele ile pembe ya tanga inayokabili upepo, upande wa joshi, ili tanga lijae vizuri. Pembe ya nyuma hushikwa na kamba iitwayo demani, ambayo hukazwa au kulegezwa kufuatana na nguvu ya upepo.

Mti wa dasturi ni mdogo ukilinganishwa na mlingoti, lakini ukivunjika, tanga hupoteza mahali pake pa kushikia na chombo hakiwezi tena kwenda kuelekea upepo. Na chombo kinapogeuzwa, foromali yote huhamishwa upande wa pili wa mlingoti. Mmoja analegeza, mwingine anavuta, wa tatu yuko kwenye usukani. Nahodha akisema demani, hakuna wa kuuliza maana yake. Anayeshika kamba isiyo yake, au anayechelewa, anaweza kuwapindua wote.

Maneno hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Nahodha na bandari ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Usukani na baharia yametoka Kiarabu. Roda imetoka Kireno. Kamba ni neno letu la Kibantu. Mabaharia hawakusubiri chuo kiwaruhusu. Waliokota neno pale walipokutana na kitu, wakalitamka kwa ulimi wao, wakakubaliana juu yake, wakafundishana. Walifanya hivyo kwa sababu baharini amri isiyoeleweka huua.

Mgodini ni vivyo hivyo. Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba mwaka 2024, na sehemu kubwa ya shaba hiyo hutoka Lualaba na Haut-Katanga. Nyuma ya tani hizo kuna baruti, asidi, malori ya tani mia, kuta za udongo zinazobomoka na mashimo yasiyo na hewa. Mfanyakazi anayeingia zamu ya usiku anahitaji kujua lipi bomba la asidi, ipi ishara ya mlipuko, na akimbilie wapi ukuta ukianza kupasuka. Atajuaje kama bango limeandikwa kwa lugha asiyoisoma?

Mwezi Juni 2019 makumi ya wachimbaji wadogo walifukiwa karibu na Kolwezi, katika mgodi wa KOV. Hatusemi kwamba lugha ndiyo iliyowaua. Umaskini, ukosefu wa maeneo halali ya kuchimba na ulinzi hafifu vina sehemu yao, na hayo tutaendelea kuyaandika. Lakini ilani ya hatari ni kinga ya bei rahisi kuliko zote, na haina faida kwa asiyeielewa.

Wapo watakaotujibu kwamba Kifaransa ndiyo lugha rasmi. Ni kweli. Lakini Katiba ya 2006, katika kifungu kilekile cha kwanza, inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na inaipa serikali jukumu la kuziendeleza bila ubaguzi. Hatuombi Kifaransa kiondolewe. Tunaomba Kiswahili kiandikwe kando yake, kwa herufi za ukubwa uleule.

Wengine watasema Kiswahili cha Kolwezi si sanifu, kimechanganyika na Kifaransa na lugha za kwetu. Nao tunawajibu kwa mfano wa roda na nahodha: Kiswahili cha baharini nacho kilichanganyika, na ndiyo maana kilifaa. Kapita wa zamu na vijana wake tayari wana majina ya vyombo vyao, ya tabaka za udongo na ya dalili za hatari. Kinachokosekana ni mtu wa kuyakusanya, kuyalinganisha kutoka mgodi mmoja hadi mwingine, na kuyaandika.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, serikali ya jimbo iwakutanishe kampuni, vyama vya wafanyakazi, SAEMAPE na walimu wa Chuo Kikuu cha Kolwezi, watoe orodha moja ya maneno ya usalama migodini. Orodha hiyo ianzie kwa wenye kazi: wachoraji wa baruti, madereva, mafundi wa umeme, pamoja na akina mama wanaoosha mawe. Pili, Ukaguzi wa Kazi usikubali mafunzo ya usalama kuwa yamefanyika mpaka mfanyakazi aweze kueleza kwa kinywa chake, kwa lugha anayoielewa, alichofundishwa. Sahihi kwenye karatasi haitoshi. Tatu, gharama zibebwe na kampuni kama sehemu ya usalama kazini, wala zisikatwe kwenye ile asilimia 0.3 ya mapato ambayo Sheria ya Madini ya 2018 imeitengea maendeleo ya jamii. Fedha hizo zina shule na visima vinavyozisubiri.

Kampuni ambazo tayari zinawafundisha watu wao kwa Kiswahili, tunazipongeza na tunaziomba ziwaonyeshe jirani zao njia.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Migodi yetu ina manahodha kutoka Kinshasa, Beijing, London na Johannesburg, kila mmoja na lugha yake. Wanaovuta kamba, lakini, ni watu wa hapa. Wana haki ya kuelewa amri kabla kamba haijakatika.