Benki Imelipwa, Fundi Je?



Imezuka siku hizi katika miji yetu, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, fahari mpya miongoni mwa watu wenye mishahara. Fahari yenyewe ni mtu kuweza kusema mbele ya wenzake: "Nyumba nimeimaliza. Mkopo wa miaka 15 nimeulipa kwa miaka 10." Msemaji hupewa mkono, pengine mbuzi akachinjwa na dua ikasomwa, na hati ya nyumba ikatolewa kabatini ili wageni waione. Hatuna ugomvi na furaha hiyo. Kutoka katika deni ni neema, na kutoka katika deni la riba ni neema juu ya neema.

Lakini tunalo swali moja, nalo tunaliuliza waziwazi kwa sababu wengi hawapendi kuulizwa. Je, fundi aliyepiga lipu ukuta wa uani amelipwa? Je, muuza duka wa mtaani, ambaye daftari lake lina jina lako tangu mfungo uliopita, amelipwa? Je, mtumishi anayelea watoto wako amepata ujira wake wa miezi miwili? Je, dada yako aliyekukopesha fedha za mchezo wake wa kina mama amerudishiwa? Kama jawabu ni hapana, basi huyo mbuzi amechinjwa kwa fedha za nani?

Sisi tunasema hivi: mtu anayeharakisha kuilipa benki kabla ya wakati wake, hali amewaacha watu ambao wakati wao wa kulipwa umekwisha kupita, hakutenda wema wowote. Amechukua haki ya mnyonge akaitanguliza kwa mwenye nguvu, kisha akaliita tendo hilo busara.

Tazama kwa makini, ndugu msomaji, kwa nini benki hulipwa mwanzo. Je, ni kwa sababu benki ina haki kubwa zaidi kuliko fundi? Hasha. Benki hulipwa mwanzo kwa sababu inayo hati ya nyumba, inaye wakili, inaye dalali na inao mnada. Ukichelewa, barua huja. Ukizidi kuchelewa, tangazo hubandikwa ukutani na majirani wakasoma. Fundi hana barua wala tangazo. Alichonacho ni haya. Hupita mlangoni mwako, akakohoa, akauliza hali za watoto, akaondoka. Na wewe kwa kuwa hakutaja fedha, ukajidanganya kuwa amesahau. Hakusahau. Basi kilichokuongoza katika kulipa ni hofu, si uadilifu. Na mtu anayelipa kwa hofu peke yake, siku atakapokosa wa kumwogopa hatamlipa yeyote.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila ya maelezo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii Sala wala Hija. Inazungumzia deni: namna ya kuliandika, muda wake, mwandishi wake na mashahidi wake. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu akauliza kama marehemu ana deni. Alipoambiwa kuwa anadaiwa dinari chache, akawataka Masahaba wamsalie wenzao, na yeye akajizuia, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Haikuulizwa kama mdai ni tajiri au ni maskini, wala kama alikuwa akimsumbua marehemu au amenyamaza. Imepokewa pia kuwa hata shahidi aliyeuawa katika njia ya Mwenyezi Mungu husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Na Mtume (S.A.W.) akakuita kuchelewesha kwa mtu mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Angalia neno hilo, ndugu msomaji: mwenye uwezo. Asiyekuwa nacho amepewa muhula katika aya ya 280 ya sura hiyo hiyo. Lakini anayetia shilingi 10,000 za ziada benki kila mwezi, huyo hawezi kusema hana.

Na tuwatazame waliotutangulia. Zubeir bin Awwam (R.A.) alipouawa katika Vita vya Ngamia, mwaka 36 Hijria, hakuacha fedha taslimu. Aliacha ardhi na majumba: nyumba kumi na moja Madina, na nyingine Basra, Kufa na Misri. Na aliacha deni la 2,200,000. Deni lile lilitokana na uaminifu wake: watu walimletea amana, naye akakataa kuzipokea kama amana, akasema ziwe ni mkopo, ili zikipotea zisipotee juu yao. Mwanawe Abdallah alifanya nini? Hakuanza kwa kuwagawia warithi majumba. Aliuza ardhi ya Ghaba, akalipa. Na hata baada ya kulipa, ndugu zake walipomtaka awagawie urithi wao, alikataa mpaka atangaze katika msimu wa Hija, miaka minne mfululizo, kwamba yeyote anayemdai Zubeir aje alipwe.

Zingatia tofauti ilioko. Wale waliuza ardhi ili watu walipwe. Sisi tunawanyima watu ili ardhi iwe yetu upesi.

Atatokea msomaji aseme: "Bwana mwandishi, hayo ni ya dini. Mimi nazungumza hisabu." Vyema, na tuzungumze hisabu. Chukua mtu aliyekopa shilingi 4,000,000 za Kenya kwa riba ya 12 katika 100 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 15. Atalipa karibu shilingi 48,000 kila mwezi. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, shilingi 40,000 ni riba, na 8,000 tu ndizo zinazopunguza asili ya deni. Akiendelea hivyo hadi mwisho atakuwa ametoa zaidi ya shilingi 8,600,000. Lakini akiongeza shilingi 10,000 kila mwezi tangu mwanzo, atamaliza kabla ya mwaka wa kumi kutimia, na ataokoa kiasi cha shilingi 1,800,000. Faida hiyo ni ya kweli, wala hatuikatai.

Sasa mtazame mtu huyo huyo katika simu yake. Mwaka 2012 ilipoanzishwa M-Shwari nchini Kenya, mkopo wa siku 30 ulitozwa ada ya shilingi 7 na nusu kwa kila 100. Mtu anayekopa shilingi 10,000 kwa ada kama hiyo, akalipa na kukopa tena kila mwezi, hutoa shilingi 9,000 kwa mwaka, na zile 10,000 bado anadaiwa. Shilingi 10,000 hizo hizo akizitia katika deni la nyumba humwokolea shilingi 1,200 kwa mwaka. Basi ni hisabu gani hiyo inayomfanya mtu aziokoe 1,200 na azitupe 9,000? Hiyo si hisabu bali ni fahari, kwa sababu nyumba huonekana na watu na deni la simu halionekani.

Kuna hoja moja nzito zaidi, nayo inastahili jawabu la heshima. Muislamu mwema atasema: "Mimi naharakisha kuilipa benki kwa sababu nimeingia katika riba, nami nataka kutoka kabla sijafa." Nia hiyo ni njema, na Mwenyezi Mungu amlipe kwayo. Lakini tunamjibu mambo mawili. La kwanza, mkopo wa simu nao ni riba, na ni riba ghali zaidi. Anayekimbia riba hakimbii moja akajilaza kwenye nyingine. La pili, haramu haitolewi kwa dhulma. Fedha unazozitia benki juu ya malipo yako ya kawaida, hali ujira wa mtumishi umekwisha kuwa wajibu, si fedha zako. Ni fedha zake zilizoko mfukoni mwako. Je, utajitakasa kwa maji ya kuiba?

Ama yule ambaye bado hajanunua nyumba, huyo hana udhuru wa kusema kuwa njia ni moja tu. Kenya imekuwa na benki zisizofanya kazi kwa riba tangu mwaka 2008, ilipoanza Gulf African Bank, na Tanzania ilipata Amana Bank mwaka 2011. Aende aulize masharti yao, asome kila ukurasa kabla ya kutia sahihi. Lakini ajue kuwa huko nako deni ni deni, na fundi ni fundi yule yule.

Yuko mdai mwingine ambaye hatajwi kabisa katika mazungumzo ya wanaume, naye yumo ndani ya nyumba hiyo hiyo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, na ile ya Kenya ya mwaka 2012, zote mbili zinataka kwamba nyumba wanayokaa mume na mke isiwekwe rehani bila ya ridhaa ya mwenzake. Basi ulimwendea mkeo na karatasi za benki, ukamwonyesha mahali pa kutia sahihi, naye akatia. Je, siku hiyo ulimkumbusha kuwa mahari yake mliyokubaliana uilipe baada ya harusi, na muda wake umekwisha kupita, bado hujaitoa? Mahari ni deni. Ukifa, hulipwa pamoja na madeni mengine kabla warithi hawajagawana kitu. Wewe unasema, "Nyumba hii ni yake na watoto." La, bwana. Nyumba ni nyumba na mahari ni mahari. Kama atakusamehe kwa moyo wake, hiyo ni haki yake; lakini aulizwe, asichukuliwe kuwa amesamehe kwa kuwa amenyamaza.

Na wadhamini wako katika ushirika wa akiba na mikopo? Hao waliweka akiba zao nyuma ya jina lako. Ukiacha kulipa, chama hakikutafuti wewe tu, bali kinaweza kuzishika akiba zao, nao wana watoto wa kusomesha kama wewe. Mtu akikupa bega upandie, haifai umsahau ukifika juu.

Basi nini cha kufanya? Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na dawa yoyote ina utaratibu wake. Kaa chini usiku mmoja pamoja na mkeo, mchukue daftari, mwandike kila mnayedaiwa naye, hata mwenye shilingi 200. Usiandike benki peke yake kwa kuwa ndiyo yenye karatasi. Kisha endelea kulipa benki malipo yake ya kila mwezi bila ya kukosa, kwa sababu hayo mmeandikiana na kutimiza ahadi ni wajibu. Tunachozungumzia ni ile ziada. Ziada hiyo ianze kwa ujira wa watu wa kazi na kwa wale ambao wakati wao umepita, aliye mnyonge zaidi akitangulia. Ikifuata mikopo ya simu, ifutwe, na isirudiwe. Kisha chama na wadhamini. Na yule usiyeweza kumlipa mara moja, mwendee kabla hajakujia, mwambie tarehe, na tarehe ikifika umpe hata nusu.

Wakishakwisha hao, hapo ndipo uigeukie nyumba kwa nguvu zako zote. Iandikie benki barua kwamba fedha za ziada zipunguze asili ya deni, zisihesabiwe kuwa ni malipo ya mwezi ujao. Uliza kama kuna faini ya kulipa mapema, na uitake kwa maandishi. Taka hesabu ya deni lililobaki kila mwaka. Na ukimaliza, usitosheke na hati kurudi kabatini. Hakikisha rehani imefutwa katika daftari la ofisi ya ardhi, wasije wanao wakahangaika baada yako.

Huenda kwa utaratibu huu ukachelewa mwaka mmoja au miwili kupata hati yako. Vizuri, chelewa. Ni bora uchelewe kupewa hati na benki kuliko kuchelewa kupewa radhi na watu. Kwani siku utakapobebwa kutoka katika nyumba hiyo, haitaulizwa hati iko kwa nani. Atasimama mtu mbele ya jeneza aulize kama yuko anayekudai. Ole wako ikiwa benki itanyamaza kwa kuwa imelipwa, na fundi atanyamaza kwa kuwa amezoea kuona haya.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulipa tunavyodaiwa kabla hatujaitwa, awape subira wanaotudai, na atuepushe na fahari iliyojengwa juu ya haki za wanyonge. Amin.