Nilikilaani Kitabu Nisichokisoma

Katika baraza zetu za jioni hapa Mombasa neno riwaya bado huzua mabishano. Wako wasemao kuwa riwaya ni uwongo mtupu, na kwamba mtu aliyekhitimu Kurani na kuzijua tenzi za wazee hana la kutafuta humo. Nami nilikuwa mmoja wao, na leo nakiri kosa langu.

Kitabu nilichokikosea ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Nilisikia tu kuwa kiliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, nami nikakilaani barazani kuwa chafundisha uchafu. Sikuwa nimekisoma hata ukurasa mmoja.

Miaka mingi baadaye nilikisoma, nikiwa sasa ni baba wa mabinti. Nilimkuta Zakaria, mlevi, ampigaye bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, amfungiaye kila mlango bila ya kumfundisha namna ya kujilinda. Rosa alipokuwa mbali na macho ya babake, aliangamia. Sisi husema mchelea mwana kulia hulia yeye. Zakaria hakuchelea, na mwana akapotea vile vile. Usiku ule nilijiuliza: je, mimi huzungumza na binti zangu, au huwaamrisha tu?

Sisemi kuwa kila riwaya itampendeza kila mtu. Kusadikika cha Shaaban Robert kilinichosha kwa hotuba zake ndefu, ingawa katika ushairi namheshimu kama mwalimu wangu. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, kilinichekesha kwa Bwana Msa na kiko chake, kisha kikanionyesha kuwa aghalabu tunalolisingizia mizimu ni kazi ya mkono wa binadamu.

Lakini kilichonitia haya ni Nyota ya Rehema cha Mohamed Suleiman Mohamed, cha mwaka 1976. Humo mtoto anakataliwa na babake kwa sababu ya weusi wa ngozi yake. Nani kati yetu hajayasikia maneno ya rangi na nasaba nyumbani kwake posa inapoletwa? Mimi nimeyasikia, na nilinyamaza.

Dini yetu yatukataza ushahidi wa uwongo, nami nilishuhudia nisilolijua. Sikatai kwamba viko vitabu vibaya, na mzazi ana haki ya kuchagua atakachosoma mwanawe. Lakini atakaye kukilaani kitabu barazani, namwomba atuambie kwanza ni ukurasa gani uliomuudhi. Hapo tutamsikiliza.